Mwenye Kuomba Kura na Neno Lililo Moyoni Mwake

Kijiji kimoja kilitaka kumchagua msimamizi wa soko. Mtu mmoja aliyekitamani cheo hicho alipita jioni nyumba kwa nyumba akiwasalimu watu. Wale wakaao kilimani wakamwuliza: «Baba, ukichaguliwa, soko litabaki huku kwetu?» Akawajibu: «Litabaki.» Kesho yake wale wakaao mtoni wakamwuliza: «Baba, utalishusha soko lije kwetu?» Akawajibu: «Litashuka.» Wote wakamchagua kwa furaha. Miezi mitatu haikupita, wa kilimani na wa mtoni wakakutana penye njia panda, wakaambiana waliyoahidiwa, wakacheka kwa uchungu. Mtu yule hakuiba hata kuku mmoja. Lakini tangu siku ile neno lake halikuweza kununua hata chumvi.

Uwongo wa mtu huyo ni mwepesi kuutambua, hata mtoto auona. Kuna jambo lililo zito zaidi. Mtu aweza kuwa na neno moyoni mwake analoliona kuwa ni haki, na karibu wote watakaompigia kura wanaliona kuwa ni kosa. Akilisema wazi, atashindwa. Akinyamaza, labda atashinda. Akisema kinyume chake, atashinda bila shaka. Afanyeje? Tena, tuseme kwamba mtu huyo ana kazi nyingine njema anayotaka kuwafanyia watu wale, kama vile barabara, shule na dawa. Je, aitupe kazi hiyo yote kwa ajili ya neno moja?

Katika Marekani swali hili liliwaandama wenye kuomba kura kwa muda wa miaka karibu 20, kwa ajili ya jambo moja: kama sheria ya serikali iwatambue watu wa jinsia moja, mume na mume au mke na mke, kuwa ni watu wa ndoa. Kwa mkatekumeni wa Kongo mfano huo unafaa kwa sababu ya umbali wake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kuoana na mtu amtakaye, aliye wa jinsia isiyo yake. Huko Marekani mambo yalikuwa bado hayajaamuliwa, na watu walipigania jambo hilo kwa kura. Mtu huutazama moto wa mbali kwa macho matulivu kuliko moto ulioshika paa lake mwenyewe. Na mafundisho ya Eklesia, ya kuwa Ndoa ni agano la mume mmoja na mke mmoja, mkatekumeni huyapata kwa katekista wake katika somo la Sakramenti. Hapa chapimwa kitu kingine, nacho ni deni la ukweli alilo nalo mwenye kuomba kura kwa wale anaowaomba.

Mwaka 1996 wajumbe wa Marekani walipitisha sheria iliyosema kwamba mbele ya serikali ya nchi nzima ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja tu. Katika Senati 85 walikubali, 14 walikataa. Rais Bill Clinton alikuwa akitafuta kuchaguliwa tena mwaka uleule. Aliitia sahihi tarehe 21 Septemba, usiku wa manane, bila kuwaita wapiga picha. Mtu anayetia sahihi jambo analolipenda kwa kawaida hupenda kuonekana. Mwaka 2013 Clinton mwenyewe aliandika kwamba sheria ile ilikuwa kinyume cha Katiba, akaitaka Mahakama Kuu iiondoe.

Katika wale 14 waliokataa, mmoja tu alikuwa akiwakabili wapiga kura mwaka uleule: John Kerry wa jimbo la Massachusetts, naye ni Mkatoliki. Hata hivyo alichaguliwa tena. Lakini miaka 8 baadaye alipoutaka urais, mambo yalikuwa yamewaka. Mwezi wa Novemba 2003 Mahakama Kuu ya Massachusetts ilikuwa imeamua kwamba ndoa za namna hiyo ziruhusiwe katika jimbo lile, na tarehe 17 Mei 2004 zikaanza kuandikwa. Kerry alisema ya kuwa yeye hazikubali, bali akubali muungano wa kiserikali usioitwa ndoa. Wala hakutaka Katiba ya nchi igeuzwe ili kuzikataza. Basi alikaa katikati, na upepo ukampiga pande zote mbili. Tarehe 2 Novemba 2004, siku ileile ya kumchagua Rais, majimbo 11 yaliulizwa kama yazikataze ndoa hizo katika katiba zao, na yote 11 yakazikataza. Moja lao lilikuwa Ohio. Katika Ohio Kerry alishindwa kwa kura kama 118,000, na kwa kuikosa Ohio akaukosa urais. Wataalamu wanabishana hata leo kama ni swali la ndoa lililomwangusha. Lakini wenye kutafuta vyeo hawakuwangojea wataalamu. Walikwisha jiambia kwamba jambo hili laua, wakaanza kupima maneno yao juu yake kama mchuuzi apimavyo chumvi kwa kijiko.

Walakini walikuwapo wengine ambao kazi yao haikuwaruhusu kunyamaza. Katika Iowa, jimbo la mashamba ya mahindi na mazizi ya nguruwe, jozi 6 za watu wa jinsia moja zilinyimwa hati za ndoa, zikapeleka mashtaka. Tarehe 3 Aprili 2009 mahakimu wote 7 wa Mahakama Kuu ya jimbo, kwa kauli moja, waliamua kwamba sheria iliyowakataza ilivunja katiba ya Iowa, maana katiba ile yamwahidi kila raia ulinzi ulio sawa. Hukumu iliandikwa na hakimu Mark Cady. Sasa desturi ya Iowa ndiyo hii: gavana humteua hakimu, kisha baada ya muda jina lake huwekwa mbele ya wananchi, nao husema abaki au aondoke. Tangu desturi hiyo ilipowekwa mwaka 1962, hakuna hakimu hata mmoja wa Mahakama Kuu aliyeambiwa aondoke. Mwaka 2010 zamu iliwafikia watatu: Marsha Ternus, aliyekuwa mkubwa wa mahakimu wote wa jimbo, na wenzake Michael Streit na David Baker.

Mtu mmoja aliyekuwa ameshindwa kuupata ugavana, jina lake Bob Vander Plaats, aliongoza watu waliotaka waondolewe, na fedha nyingi za kazi hiyo zikatoka nje ya jimbo. Mahakimu wale watatu hawakukusanya fedha, wala hawakuzunguka kujitetea. Waliona kwamba hakimu akianza kuomba kura kwa ajili ya hukumu aliyoitoa, kesho yake mshtakiwa atasimama mbele yake akijiuliza kama hakimu anasikiliza kesi au anahesabu kura. Tarehe 2 Novemba 2010 wote watatu wakaondolewa.

Waliowaondoa hawakuiba kitu, kwa maana sheria yenyewe iliwapa haki hiyo. Wengi wao, pasipo shaka, walifuata dhamiri zao, wakiamini kwamba jambo kubwa kama ndoa haliwezi kugeuzwa na watu 7 kabla wananchi hawajaulizwa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini kila mzee aliyewahi kuketi barazani kuamua kesi ya ng'ombe ajua neno moja. Siku ile mwamuzi atakapoanza kutazama ni jamaa wangapi wameketi majanini upande wa huyu, na wangapi upande wa yule, yatima hatashinda kesi tena katika nchi hiyo, hata kama ng'ombe ni wake na alama yake i juu ya sikio.

Wakatekumeni humsikia Pilato kila mwaka katika masomo ya Juma Kuu. Hakuna anayethubutu kulinganisha kesi ya Iowa na kesi ya Yule asiye na dhambi. Ila dhambi ya Pilato yafaa kutazamwa vizuri, maana watu hudhani kwamba alikosa kwa kutokujua. Sivyo. Alichunguza, akaona, akajua; kisha akasikia kelele za uwanjani, akafanya kinyume cha alilolijua. Basi hakimu asomaye sheria kwa moyo mnyofu na kuona kwamba yasema «ndiyo», na atamke «ndiyo». Na hakimu mwingine asomaye na kuona kwamba yasema «hapana», na atamke «hapana», hata mji mzima ukimpigia kelele. Kipimo ni kimoja kwa wote wawili. Aweza kukosea katika kusoma, na kwa kosa la namna hiyo ziko mahakama za juu na wako watunga sheria. Lakini mwamuzi aliyeugeuza ulimi wake kwa hofu, mahakama gani itamrekebisha?

Habari ya New York ni ngumu kuliko ya Iowa, kwa sababu inahusu ahadi. Mwaka 2009 Senati ya jimbo la New York iliikataa sheria ya ndoa hizo kwa kura 38 dhidi ya 24. Mwaka uliofuata, katika mji wa Buffalo, mwanasheria mmoja Mkatoliki wa chama cha Republican, Mark Grisanti, aliomba kura. Katika maombi yake alisema ya kuwa hazikubali ndoa hizo. Akachaguliwa. Mwezi wa Juni 2011 sheria ileile ikarudi. Maaskofu wa New York waliipinga wazi. Gavana Andrew Cuomo, naye Mkatoliki, aliitaka kwa nguvu. Usiku wa tarehe 24 Juni Grisanti akasimama katika Senati, akasema kwamba amesumbuka sana na jambo hilo, kwamba yeye amelelewa katika imani Katoliki inayofundisha ndoa kuwa ya mume na mke, lakini kwamba kama mwanasheria hakupata hoja ya kuwanyima raia wengine haki aliyo nayo yeye na mkewe. Akaikubali. Sheria ikapita kwa kura 33 dhidi ya 29, na katika zile 33 kulikuwa na kura 4 tu za chama chake.

Wale wanne walilipa kila mmoja kwa namna yake. James Alesi hakuomba kura tena mwaka 2012. Roy McDonald alikataliwa na watu wa chama chake mwenyewe. Stephen Saland aliponea chupuchupu ndani ya chama, akaanguka katika uchaguzi wenyewe, kwa kuwa mtu wa tatu alizigawanya kura za upande wake. Grisanti alirudi mwaka 2012, lakini mwaka 2014 chama chake kikamweka kando. Tena, si kwa sababu ya ndoa tu: mwaka 2013 alikuwa ameikubali pia sheria ya kuzuia bunduki, na wengi walimchukia kwa hilo.

Je, Grisanti alifanya vema au vibaya? Watu wa Buffalo waliompa kura kwa sababu ya neno lake la mwaka 2010 walikuwa na haki ya kunung'unika. Mtu aliyeuziwa mbuzi jike, akaletewa dume, hatulizwi kwa kuambiwa kwamba dume naye ni mnyama mzuri. Ahadi ya mwenye kuomba kura si kiapo mbele ya altare, ni kweli. Walakini ni deni. Mtu mwaminifu ajapo kuona kwamba hawezi kulilipa kama alivyosema, hujitokeza mchana, humwendea mdai wake, husema: «Ndugu, nilikuahidi hivi, sasa naona vingine, na sababu yangu ndiyo hii, nihukumu.» Grisanti alijitokeza. Alisema mbele ya wote kwamba amegeuka, akaeleza kwa nini, kisha mara mbili akarudi kwa watu walewale ili wamhukumu. Anayeichukia kura yake aweza kuichukia na bado akakiri kwamba mtu huyo hakujificha. Kama kuna lawama, labda ni ya mwaka 2010, pale aliposema upesi jambo ambalo alikuwa hajalichunguza hata mwisho. Wengi hukosa hapo. Ulimi hutoa ahadi siku moja, na akili huja kulichunguza jambo lenyewe baada ya mwaka.

Kunyamaza ni jambo jingine, na kudanganya ni jingine. Mkatekumeni ajifunzaye Amri ya Nane hupata taabu mara nyingi hapa, akidhani kwamba kila anayeficha neno amedanganya. Mtakatifu Thomas More wa Uingereza, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 2000 kuwa msimamizi wa watawala na wanasiasa, alijaribiwa kwa jambo la ndoa pia. Mfalme Henry VIII alitaka kumwacha mkewe Katarina na kumwoa mwingine. More alikuwa waziri wake mkuu. Alikiacha cheo mwaka 1532, akaenda kukaa nyumbani kwake kimya. Walipomtaka aape, alikataa kuapa, wala hakusema sababu. Hakuna aliyeweza kumtoa neno la kupinga; lakini hakuna pia aliyeweza kumtoa neno la kukubali asilolikubali. Baada ya kuhukumiwa ndipo aliposema wazi, na tarehe 6 Julai 1535 akakatwa kichwa. Mfano wake waonyesha mambo mawili. Kwanza, kunyamaza kwaruhusiwa, hata kwaweza kuwa busara. Pili, ushujaa hauna upande mmoja: More alikufa kwa kuikataa ndoa mpya ya mfalme, na mahakimu wa Iowa waliondolewa kwa kuikubali ndoa mpya ya raia. Mtu kulipa gharama hakuthibitishi kwamba anayolipia ni kweli. Kwathibitisha tu kwamba alilisema alilolifikiri.

Basi Barack Obama je? Mwaka 1996, alipoomba kiti katika Senati ya jimbo la Illinois, aliulizwa na gazeti moja la Chicago, akajibu kwa maandishi kwamba akubali kuziruhusu ndoa za watu wa jinsia moja. Mwaka 2008, alipoutafuta urais, alisema mbele ya mchungaji Rick Warren na umati mkubwa kanisani kwamba kwake yeye ndoa ni muungano wa mume na mke, akataja imani yake ya Kikristu kuwa sababu. Akachaguliwa. Baadaye akasema kwamba mawazo yake yanakua. Tarehe 6 Mei 2012 makamu wake, Joe Biden, alisema katika televisheni kwamba ndoa hizo hazimsumbui kabisa. Tarehe 8 watu wa jimbo la North Carolina wakazikataza katika katiba yao kwa kura kama 61 katika kila 100. Na tarehe 9, kesho yake tu, Obama akatangaza kwamba azikubali. Mwezi wa Novemba North Carolina, iliyokuwa imemchagua mwaka 2008, ilimkataa. Lakini nchi ikamchagua tena, na siku hiyohiyo Maine, Maryland na Washington zikazikubali ndoa hizo kwa kura za wananchi.

Mwaka 2015 mshauri wake wa miaka mingi, David Axelrod, aliandika katika kitabu chake kwamba Obama tangu zamani alizikubali, bali aliwasikiliza washauri waliomwonya juu ya makanisa ya Wamarekani weusi, akayaficha mawazo yake. Obama alijibu kwamba Axelrod amechanganya hisia zake na msimamo wake. Alisema kwamba siku zote aliona watu wale wastahili haki sawa, ila alidhani muungano wa kiserikali ungetosha. Ni haki maneno hayo yasikilizwe pia, maana siri za moyo hazisomwi na mshauri, hata akiwa wa karibu namna gani.

Lakini tuseme kwamba Axelrod alisema kweli. Watetezi wa Obama wana jibu, nalo si la kitoto. Wanasema: kama angesema wazi mwaka 2008, yamkini angeshindwa. Angeshindwa, wagonjwa wengi maskini wasingepata bima ya matibabu aliyoileta mwaka 2010. Tena jambo lenyewe la ndoa lisingepata mteteaji alipolihitaji. Alinyamaza kama mkulima anyamazavyo juu ya mbegu, akingoja mvua. Mtu asiyewahi kuhangaikia uchaguzi asilicheke jibu hili.

Hata hivyo Obama hakunyamaza. Hapo ndipo penye mwiba. Aliulizwa, akajibu, na jibu lake lilikuwa na jina la imani ndani yake. Kama hakuliamini, basi waumini wale wa kanisani walipewa kitu chenye sura ya imani, na ndani hesabu ya kura. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikutana na neno la namna hiyo karibu na mwaka 420. Wakristu fulani walitaka kujifanya wafuasi wa uzushi wa Prisiliano ili wawafichue wazushi waliojificha. Nia yao ilikuwa njema. Augustino akawakatalia katika kitabu kizima. Sababu yake kubwa yaeleweka hata kijijini: mtu anayekubali kusema uwongo kwa ajili ya ukweli, siku atakapousema ukweli wenyewe, ni nani atakayejua kwamba leo hadanganyi?

Na gharama ya uwongo huo haimwangukii mwenye cheo peke yake. Huwaangukia wale aliowataka kuwasaidia, maana wapinzani wao husema: mnaona, jambo lao laingia kwa mlango wa nyuma. Huwaangukia pia wale wanaolipinga kwa moyo safi, kwa sababu wamenyimwa nafasi ya kushindana naye waziwazi na kumwonyesha hoja zao. Pande zote mbili hubaki na hasira ya watu waliotendewa kama watoto.

Walakini si haki kumtupia mzigo wote mwenye kuomba kura. Nani alimfundisha kuficha? Wapiga kura humwuliza mtu maswali 20, akajibu 19 kama wapendavyo, na kwa moja lile wakamtupa. Kisha hulalamika kwamba wanasiasa wote ni waongo. Baba anayempiga mtoto kila anapokiri kosa lake, asishangae siku moja akijikuta ana mtoto asiyekiri kamwe. Haisemwi kwamba mpiga kura asifuate dhamiri yake. Jambo likiwa zito machoni pake, na amkatae aliyelitamka, hiyo ni haki yake. Na waliowakataa wale watatu wa Iowa waliitumia. Lakini na atambue tofauti kati ya kumkataa mtu kwa sababu hakubaliani naye, na kumwita msaliti kwa sababu alithubutu kulisema. Wa kwanza huachia ukweli nafasi ya kurudi. Wa pili hufunga mlango, na watakaobaki barazani ni wale wa kilimani «litabaki», wa mtoni «litashuka».

Mahakimu wa Iowa walipoondolewa, hukumu yao haikuondoka. Mwaka 2012 zamu ilimfikia mwenzao David Wiggins, naye akaachwa abaki. Mwaka 2016 Cady mwenyewe, aliyeiandika, akaachwa pia. Watu walikuwa wamebadilika, au wamechoka. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama Kuu ya nchi nzima, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliziruhusu ndoa hizo katika majimbo yote.

Na sheria ya mwaka 1996, ile iliyotiwa sahihi usiku wa manane, ilifutwa tarehe 13 Desemba 2022 kwa sheria mpya iliyopita katika Senati kwa kura 61 dhidi ya 36. Safari hii sahihi ilitiwa mchana, mbele ya umati wa watu na wapiga picha wengi. Wapima maoni wa Gallup walikuwa wameona mwaka 1996 kwamba Wamarekani 27 katika kila 100 walizikubali ndoa hizo. Mwaka 2022 walikuwa 71. Aliyetia sahihi ni Joe Biden. Mwaka 1996 alikuwa katika Senati, naye alikuwa mmoja wa wale 85. Kama katika miaka ile 26 ni moyo wake uliogeuka, au ni hesabu tu iliyogeuka, hilo alijua yeye na Mungu wake.